Tupeane uzoefu: kumshuhudia Yesu kwa jirani na mwenzio wa kazi hapa Mombasa

Mwanzilishi: Bwana asifiwe wapendwa. Mada hii si ya mikutano yenye spika. Ni ya jirani mnayechota naye maji bomba moja, mteja wa kila siku, mwenzio wa zamu. Wekeni kinachofaa na kinachoharibu.

Dada wa Mtopanga: Tayarisha ushuhuda wa dakika tatu: ulikuwaje, Yesu alikukutaje, sasa ukoje. Dakika moja moja. Wengi huharibu ile ya kwanza: pombe, waganga, madeni, hadi msikilizaji anabaki na vituko na Yesu hapati nafasi. Anza na jambo moja tu. Pia punguza lugha ya kanisani. "Nimefunikwa kwa damu" kwa asiyeizoea inatisha. Sema "Mungu amenisamehe", ataelewa. Ukimaliza nyamaza. Akiuliza swali, endelea. Akigeuza maneno kwenda kwa bei ya unga, mfuate huko huko kwenye unga, kesho ipo.

Likoni Daima: Ferini na kwenye matatu, tafadhali, msipige kelele. Watu wamebanwa, hawana pa kwenda. Aliye kando yako akikuuliza unasoma nini, hapo sawa.

Mzee wa Kisauni: Tusiongee na jirani Mwislamu kana kwamba hajawahi kusikia injili. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili aliyemsaidia ni kadhi wa mji. Frere Town, mji wa watumwa walioachwa huru, ni wa 1875, na kengele yake ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina. Huyo jirani amekua akiisikia kengele ya kanisa kama wewe ulivyokua ukisikia adhana.

Sasa adabu. Biblia usiiweke chini sakafuni, wala usiifanye meza ya simu na glasi ya juisi. Kwao msahafu hukaa juu ya kabati, na wanatazama unavyokitendea kitabu unachosema ni cha Mungu. Ukialika watu Krismasi, kuku achinjwe na Mwislamu na umwambie mgeni mapema, la sivyo pilau yako itaachwa kwenye sahani na hakuna atakayekueleza kwa nini. Ijumaa adhuhuri na wakati wa kukimbilia futari Ramadhani, usimsimamishe mtu kwa mazungumzo.

Swali la Utatu likija barazani mbele ya watu kumi, usilijibu pale. Baraza hugeuka mhadhara wa kushindana, na kila mtu hutetea upande wake. Sema, "Ndugu yangu, njoo tusome pamoja." Marko ina sura 16. Sura moja kwa wiki, nyinyi wawili, kahawa na kaimati, mwache yeye aulize kwanza.

Mwanakwaya Changamwe: Kazini: wakati wa mapumziko tu, na mkubwa asimshuhudie aliye chini yake akiwa ameshika karatasi ya likizo yake mkononi. Hapo hata "amina" yake huwezi kuiamini. Kifungu cha 32 cha Katiba kinakupa uhuru wa kuitangaza imani, na kinakataza pia kumlazimisha mtu. Aya za kila alfajiri kwenye grupu la kazi hazisomwi, watu wanazima sauti. Na ukichelewa zamu kila Jumatatu kwa sababu ya kesha, utakuwa umeshahubiri tayari.

Dada wa Mtopanga: Nimesahau wagonjwa na watoto. Kwa mgonjwa omba ruhusa: "Naweza kukuombea?" Akikubali, dakika moja, sauti ya chini, mafuta na kuwekea mikono la, mpaka aseme mwenyewe. Mtoto wa jirani asiombewe wala kupewa kijitabu mzazi hajui. Na unga wa msaada upeleke mtupu, bila karatasi ya mwaliko ndani. Ukiuchanganya, mtaa mzima utasema unanunua watu, na utakayefuata kumsaidia atafunga mlango.

Likoni Daima: Hiyo ya unga waambieni na vijana wa kanisani kabla ya Desemba.