Naombeni ushauri: tunapokea mbwa jike mwoga sana, nyumba ipo Sahare, Tanga

Mama_Sahare

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wale wanaowajua mbwa kweli, maana mtaani kila mtu ana lake.

Wiki mbili zijazo tunapokea mbwa jike, koko, anakadiriwa miaka miwili, kilo 14. Waliomwokoa wamemfunga kizazi na kumchanja kichaa cha mbwa, kadi ipo. Shida ni woga. Mtu akisogea anajibana kwenye kona, mkia tumboni, uso kaugeuzia ukutani. Hajawahi kuuma. Chakula anakula mtu akishaondoka.

Kwetu kuna ukuta wa mita moja na nusu mbele na pembeni, nyuma ni michongoma. Geti la chuma, chini lina upenyo kama shubiri. Watoto wawili, miaka 7 na 10, na paka mmoja. Msikiti uko karibu, spika inasikika ndani ya ua, na watoto wa madrasa hupita mbele ya geti asubuhi na jioni.

Nauliza: siku za kwanza akae wapi? Nimfunge mnyororo? Kupe nianze nao vipi? Na baba watoto anataka awe mlinzi, inawezekana?

Fundi_Ua

Dada, shughulikia ua kabla mbwa hajafika. Mbwa mwoga hutoroka zaidi wiki za mwanzo, kwa kuwa bado hajajua kwamba hapo ni kwao. Akitoka hatafuti njia ya kurudi, anatafuta pa kujificha.

Ukuta wa mita 1.5 mbwa wa kilo 14 aliyeshtuka anaupanda, hasa akipata cha kukanyagia. Ondoa ndoo, matofali, mapipa na benchi vyote vilivyo karibu na ukuta. Ukiweza, ongeza wavu juu ufike mita 1.8, na ule wa juu uinamie ndani.

Upenyo wa shubiri chini ya geti ni mlango kabisa, kwani kichwa kikipita mwili nao unafuata. Mwambie mchomeleaji aongeze bomba au bati, pabaki sentimita 5 tu. Michongoma usiihesabu kuwa uzio: juu imefungamana lakini chini kwenye mashina kuna matundu. Weka weldimeshi ya matundu ya inchi 2 kwa ndani ya ua, na upande wa chini uukunje ulale juu ya ardhi kuelekea ndani kama sentimita 40, kisha uweke mawe juu yake. Mbwa huchimba palepale uzio unapogusa udongo, sasa akikuta wavu chini ya kucha anaacha. Wavu wa kuku usinunue. Anauchana kwa meno, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu inaumaliza mapema.

Jambo moja wengi hulisahau: tengeneza kilango cha pili. Fremu ya mbao na wavu, mita moja na nusu ndani ya geti, ili mgeni akiingia afunge geti kwanza ndipo afungue kilango. Mbwa wengi wa aina hii hupotea pale mtoto anapofungua geti kumpokea muuza samaki.

Mzee_wa_Kange

Binti yangu, usijisumbue na mawavu. Mfunge mnyororo wiki mbili, siku ya kwanza muogeshe dawa ya kupe, mpe chakula kwa mkono. Mbwa akiona chakula kinatoka kwako atakujua wewe ndiye mwenyewe. Mbwa wa pwani wote wamefugwa hivyo.

Subira_Pangani

Mzee wangu, shikamoo. La chakula kutoka kwa mwenyewe nakubaliana nalo. Mnyororo na kuogeshwa siku ya kwanza napinga, na sababu naieleza.

Mnyama akiogopa ana njia tatu: kukimbia, kuganda au kupigana. Ukimfunga umemnyima ya kwanza. Akiganda na watu wakaendelea kumsogelea, anabaki na ya tatu. Huyu hajauma mpaka leo kwa sababu kila mara alipata pa kurudi nyuma. Kumshika kwa nguvu na kumwagia maji yenye harufu kali siku ya kwanza ni kumfundisha kwamba mikono ya nyumba hii ndiyo ya kuogopwa.

Mama Sahare, mpe sehemu moja ndogo, siyo ua wote: stoo yenye dirisha, au kipande cha baraza kilichozungushiwa wavu. Ndani yake weka kibanda ambacho mgongo wake umeegemea ukuta na mlango hautazami geti. Kwa kilo 14, urefu sentimita 90, upana 60, kimo 70, mlango uwe upande mmoja ili ndani pabaki kona ya kujificha. Kiinue juu ya matofali kwa ajili ya masika. Paa liwe la makuti; bati tupu mchana wa kaskazi linamchemsha. Tena paa lifunguke, upate kusafisha au kumfikia akiugua bila kumburuta mlangoni.

Siku tatu za mwanzo kazi yenu ni maji, chakula na kuondoka. Maji yasiishe, mbwa wa uzito huo hunywa karibu lita moja kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Chakula asubuhi na jioni kwa saa zilezile, mtu yuleyule, bakuli lilelile. Ugali wa dona na dagaa waliooshwa chumvi, au utumbo uliochemshwa, jumla gramu 400 hadi 500 kwa siku, kisha uongeze au upunguze kwa kuangalia mbavu: uzihisi kwa vidole lakini usizione zimetokeza. Bila kitunguu, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha. Akikataa chakula siku ya kwanza usihangaike. Zikitimia saa 48 bila kula, au siku nzima bila kunywa maji, muone daktari.

Baada ya hapo ndipo unapokaa naye. Kaa chini, umbali ambao anaweza kula ukiwepo, hata kama ni mita tano. Mpe ubavu, usimtazame machoni, usimwinamie. Mrushie kipande cha dagaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanarusha karibu na miguu yao ili kumvuta. Njaa inamleta, anameza, halafu anagundua yuko karibu na mtu kuliko alivyotaka, anashtuka, na hapo ndipo meno hutumika. Rusha kipande nyuma yake. Anageuka kukifuata, anapata nafuu ya kuwa mbali nawe, kisha anarudi mwenyewe kuangalia kama kuna kingine. Kila akirudi, amerudi kwa hiari yake. Dakika tano mpaka kumi, mara tatu kwa siku, zinatosha. Ondoka yeye angali anataka.

Jifunze alama zake. Kuramba pua wakati hakuna chakula, kupiga miayo bila usingizi, masikio kulala nyuma, weupe wa jicho kuonekana pembeni, mwili kukakamaa ghafla: vyote vinasema umesogea mno. Rudi hatua mbili. Akinguruma usimkemee hata kidogo. Mbwa aliyekatazwa kunguruma haachi kuogopa, anaacha kutoa onyo.

Siku atakayokuja kukunusa mkono, usimshike. Mwache anuse aondoke. Kugusa kunaanza kifuani au chini ya shingo, sekunde tatu, halafu unaacha uone: akisogea karibu endelea, akitulia tu bila kusogea, basi hajakubali. Mkono unaotokea juu ya kichwa ni wa kuepuka kwa muda mrefu.

Dkt_Mifugo_Korogwe

Naongezea upande wa tiba.

Kadi ya chanjo: angalia tarehe, na chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka. Waulize waokoaji kama alipata pia ile ya mchanganyiko ya parvo na distempa (magonjwa ya virusi ya mbwa), na lini alipewa dawa ya minyoo. Mbwa mkubwa anayeishi uani apewe ya minyoo kila miezi mitatu, kwa kupima uzito. Na jeraha la kufunga kizazi lisiloweshwe mpaka zipite siku 10 hadi 14, kwa hiyo kabla ya hapo lile la kuogesha halipo kwa vyovyote.

Kuhusu kupe, omba wampe dawa kabla hajaondoka kwao, ili wewe usianze uhusiano kwa kumshika. Ya matone yenye fipronili huwekwa kwenye ngozi kati ya mabega, na asioge siku mbili kabla na mbili baada. Zipo pia za kutafuna. Kwa kuwa una paka, dawa yenye pamethrini isiingie nyumbani, inaua paka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia vipimo, au sindano ya ng'ombe ya aivamektini, hiyo ni sumu kwa mbwa mdogo kama huyu.

Kupe wa mbwa hawaishi juu ya mbwa tu. Hupanda ukutani na kutaga kwenye nyufa, ndiyo maana watu wanalalamika dawa haifanyi kazi. Ziba nyufa za kibanda kwa plasta, anika matandiko juani kila wiki, fagia pembe zote.

Ufizi ukiwa mweupe, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au akilegea na kuacha kula, huo si woga. Ni magonjwa ya kupe mpaka kipimo cha damu kiseme vingine. Macho yakiingia ukungu wa samawati pamoja na homa na kukonda, taja ndorobo (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o) kwa daktari, hasa mbwa akiwa ametoka upande wa Pangani au Saadani. Tanga mjini mna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, na ofisi ya mifugo ya Jiji itakuelekeza. Panadol, diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za binadamu usimpe kabisa.

Akimuuma mtu, hata kwa kukwaruza tu na hata kama amechanjwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua.

Mama_Sahare

Nawashukuru sana, Mungu awalipe. Fundi tumeshamwita. Nimebaki na manne: najisi, maana sisi ni Waislamu na majirani pia, sauti ya spika, watoto, na lile la ulinzi.

Mwanachuo_Makorora

Kufuga mbwa kwa ajili ya kulinda kunaruhusiwa. Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi huku pwani, unyevu wake ndio wenye hukumu: mate, pua, manyoya yaliyolowa. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Kilichopata mate huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo.

Kwa hiyo weka mambo yako hivi: bakuli zake zioshwe kwenye bomba la nje, zisiingie jikoni. Tenga kanga na kandambili za kumhudumia. Kamba ya kuanikia nguo iwe mbali na eneo lake. Usimpitishe mbele ya msikiti wakati watu wanaelekea swalani wametawadha. Na wapigie hodi majirani wa pande zote kabla hajafika, waeleze amechanjwa na hatoki. Jirani aliyeambiwa mapema ndiye atakayekupigia simu akimuona nje. Tena tunao msingi wa kumhurumia, yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake twamsimulia watoto wetu.

Subira_Pangani

Sauti: rekodi adhana na pikipiki kwa simu. Wakati anakula, cheza kwa sauti ndogo sana, mbali. Akiendelea kula, siku zinazofuata ongeza kidogo kidogo. Akiinua kichwa na kuacha chakula umezidisha, punguza. Kwa ile spika halisi ya alfajiri, ziba dirisha la upande huo kwa godoro kuukuu na hakikisha kibanda kiko wazi kwake muda wote.

Watoto: hawaendi kwake, yeye ndiye anayewafuata. Hawaingii eneo lake, hawamwiti, hawakimbii karibu naye. Wa miaka 10 anaweza kurusha dagaa akiwa amekaa pembeni yako, mdogo aangalie kwanza. Wa madrasa wakirusha mawe, funga turubai kwenye nondo za geti wasionane naye kabisa, kisha ongea na mwalimu wao. Paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia, na waonane kupitia wavu tu mwezi wa kwanza.

Ulinzi: baba watoto asimchokoze ili awe mkali. Mbwa anayeuma kwa woga hachagui mwizi na mgeni, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto aliyemkuta amejibana. Akishazoea atabweka akisikia nyayo ngeni, na huo ndio ulinzi utakaoupata kwake. Usimwombe zaidi.

Fundi_Ua

Kwa kumtoa nje baadaye: mkanda wa kifuani wenye mshipi wa tatu nyuma ya mbavu, kwa sababu mbwa mwoga hujivua kwa kurudi kinyumenyume. Fundi wa mabegi anaushona kwa utepe wa upana wa sentimita 2.5, pete za chuma, siyo vifungio vya plastiki. Kamba moja ifungwe hapo, nyingine kwenye kola, zote mbili mkononi. Toka kabla ya saa moja asubuhi, njia moja fupi, ileile kila siku. Siku ya kumleta pia, gari lenye vioo, siyo bajaji, ndani ya boksi lililofunikwa kanga, na boksi lisifunguliwe mpaka milango yote miwili ya ua imefungwa.

Mzee_wa_Kange

Nimesoma. Na akitoroka je?

Subira_Pangani

Asifukuzwe wala asiitwe, mzee. Watu wengi wakimtafuta kwa kelele wanamsukuma mbali zaidi. Anayemlisha peke yake aende sehemu alipoonekana mara ya mwisho, aweke tandiko lake na chakula chenye harufu, dagaa wa kukaanga au utumbo, kisha akae chini mbali kidogo, ubavu. Geti la nyumbani liachwe wazi usiku, chakula ndani, mtu mmoja akiwa tayari kulifunga kwa kamba ndefu kutoka dirishani. Mara nyingi hujisogeza usiku wa manane au kabla ya alfajiri, mitaa ikiwa imetulia.