Dazani moja ya mishale kwa pinde mbili, naombeni ushauri

Mjomba_Mbale
Wadau, habari za jioni. Nina pinde mbili za kisasa, zile zenye ncha zilizojikunja kwenda mbele. Mmoja umeandikwa paundi 38 (ndiyo nguvu ya kuuvuta), mwingine 24. Huu wa 24 niliupata kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna aliyeutaka. Mishale ni ya kaboni, namba 500, inchi 29. Kwenye 38 inakwenda vizuri kabisa. Kwenye 24 inatingisha mkia kama samaki. Nikafanya lile jaribio la kubandua manyoya kwenye mishale miwili na kuipiga pamoja na mingine, mita 18. Isiyo na manyoya inapiga kulia, tena mbali. Ninunue namba gani itakayofaa pinde zote mbili? Dazani mbili siziwezi.

Afande_Mstaafu
Isiyo na manyoya ikienda kulia, mshale ni laini. Nunua 400, hiyo ni migumu zaidi. Mambo yameisha.

Mjomba_Mbale
Asante afande. Ndivyo nilivyowaza mimi pia.

Mwana_wa_Arua
Namba, namba! Babu yangu alikata matete, akayakausha juu ya moto wa jikoni, akayapinda kwa vidole karibu na sikio. Likimridhisha linabaki, lisipomridhisha linakwenda kuwashia moto. Alikuwa na mbuzi mmoja mkorofi sana huyo mzee, siku moja akala matete yote usiku... nitawasimulia siku nyingine.

Mama_Shakur
Mnalenga nini kwanza? Kama ni swala, sheria ya wanyamapori ya 2019 haina mzaha. Utafungwa, na pinde zako zote mbili zichukuliwe.

Mjomba_Mbale
Hapana nyabo, tunapiga gunia la nyasi nyuma ya nyumba.

Fundi_Jinja
"Tunapiga"? Nani na nani? Kila mmoja anavuta inchi ngapi?

Mjomba_Mbale
Mimi na watu wa nyumbani. Swali langu ni namba ya mshale tu, ssebo.

Fundi_Jinja
Namba haisimami peke yake. Mshale huegemezwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati unatundikwa uzito wa gramu 880, halafu unapimwa umebonyea kiasi gani. Ukibonyea nusu inchi, huo ni 500. Ukibonyea inchi nzima, ni 1000. Kwa hiyo namba ikipanda, mshale unalainika. Sasa, 500 kwenye upinde wa paundi 24 ni mgumu kama ufito mkavu. Upinde huo hauna nguvu ya kuupinda. Utawezaje kuonyesha dalili za ulaini? Afande, kanuni yako naijua, lakini hapa hesabu inakataa. Ama Mjomba hajapiga mshale wowote, ama kuna kitu anatuficha.

Mzee_wa_Bombo
Nilinusa mapema. Huyu ni muuzaji. Kesho mtasikia "ndugu zangu, kumbe nina 400 kadhaa za ziada, njooni tuongee." Upinde usiotakiwa na mtu, mshale unaokwenda upande usiowezekana... hadithi njoo, uongo njoo!

Afande_Mstaafu
Hata mimi sasa nina mashaka. Weka picha ya upinde.

Mjomba_Mbale
Mimi siuzi kitu. Wa 24 anapiga mpwa wangu, binti wa miaka 12, na anavuta kwa mkono wa kushoto. Upinde wenyewe ni wa mashoto, ndiyo sababu ulikuwa rahisi. Sikutaja kwa sababu mama yangu hataki hata kuliona jambo hilo, na nilijua humu mtaacha mishale muanze kuhubiri. Halafu mshale ni mshale, unajuaje mkono uliouvuta?

Mzee_wa_Bombo
Kumbe huo ushoto umeota leo, baada ya hesabu kukataa! Banange!

Mama_Shakur
Muacheni mtoto na mkono wake. Mimi darasa la pili nilifungwa wa kushoto kwa kitambaa. Leo naandika kwa kulia, mwandiko wa kuku, na kisu cha jikoni bado nashika kwa kushoto. Mwambie bibi yake Mungu hakukosea.

Fundi_Jinja
Mzee, ushoto ndio pekee unaofanya hesabu ikubali. Kanuni ya afande ni ya anayevuta kwa kulia. Kwa mashoto inageuka: isiyo na manyoya ikienda kulia, mshale ni mgumu mno. Ukimnunulia 400 unaongeza ugonjwa. Huyo binti anavuta ngapi?

Mjomba_Mbale
Inchi 24 hivi.

Fundi_Jinja
Ile 24 ya upinde imepimwa ukivutwa inchi 28. Kila inchi pungufu inaondoka na paundi moja na nusu hadi mbili. Anashika kama 17. Anahitaji 1000, pengine laini zaidi. Hizo 500 baki nazo wewe. Na mishale yake usiipige kamwe kwenye 38, kaboni laini ikisukumwa kwa nguvu hiyo inaweza kupasuka mkononi. Weka manyoya ya rangi tofauti ili msichanganye.

Mjomba_Mbale
Tatizo nimeshalipa nusu. Kuna kijana anatoka Dubai Jumamosi na dazani ya 400. Na mtoto anakua, si atafika tu?

Afande_Mstaafu
Kumbe uliamua kabla ya kuuliza!

Fundi_Jinja
Mishale mikubwa si kama viatu, Mjomba, havai soksi mbili. Afike 400 ya nini, anataka kupiga mita 70 za Olimpiki mwezi ujao?

Mjomba_Mbale
Na nikiikata mifupi imfae?

Fundi_Jinja
Ukiikata inazidi kuwa migumu. Ncha nzito na urefu ndivyo vinavyolainisha, lakini hata hivyo 400 haiwezi kushuka mpaka 1000. Mpigie huyo kijana leo, duka likiwa bado wazi.

Mzee_wa_Bombo
Asipopokea simu, mimi nina upinde wa 45. Hiyo dazani ni shilingi ngapi?

Afande_Mstaafu
Na ulisema muuzaji ni Mjomba!