Mimba ya wiki 30, mdogo wangu ana himofilia. Mwanangu azaliwe wapi?

Binti Muheza: Habari zenu. Mdogo wangu wa tumbo moja ana himofilia A, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri. Tuligundua jandoni: katahiriwa Jumamosi, hadi Jumatatu damu haijakata. Mjomba, kaka yake mama, alifariki utotoni hivyohivyo, ukoo ukasema karogwa. Sasa nina mimba, altrasaundi inasema wa kiume. Kliniki nilipoeleza nikajibiwa, "Huo ni wa wanaume, haukuhusu." Hata kwenye kadi hawakuandika. Na mama mkwe anataka mtoto atahiriwe kabla ya arobaini. Silali.

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Unakuhusu sana. Mjomba alikuwa nao na mdogo wako anao, basi mama yenu ni mbebaji, yaani anaweza kuurithisha kwa watoto. Wewe ni nusu kwa nusu. Ukiwa mbebaji, kila mtoto wa kiume naye ni nusu kwa nusu. Na uangaliwe wewe pia! Fakta namba 8, protini ya kugandisha damu inayopungua kwenye himofilia A, hupanda mimba ikikua, ukishajifungua inashuka. Mimi ni mbebaji, nilijifungua vizuri, siku ya tisa damu ikafumuka nyumbani, nikaongezewa chupa mbili.

Mkunga mstaafu: Mwanangu, omba rufaa wiki hii, usingoje uchungu. Muhimbili wana kliniki ya himofilia. Kwenye kadi iandikwe kwa kalamu nyekundu: mtoto asivutwe kichwa kwa mashine wala koleo, maana damu huweza kuvujia kwenye ubongo. Damu ya kitovu ichukuliwe ipimwe fakta 8. Vitamini K anayopewa mtoto akizaliwa msiikatae, ila waambie kabla. Sindano ya paja inaweza kuvimbisha msuli, na yapo matone ya mdomoni. Tohara isubiri majibu. Akikataa kunyonya, akilegea, utosi ukivimba au akipata degedege, kimbieni hospitali saa hiyohiyo. Wewe mwenyewe ukiumwa baada ya kujifungua, meza panado, diklofenaki iache.

Binti Muheza: Asanteni mno. Kesho asubuhi naenda na mume wangu kuomba rufaa. Jana nilimpeleka mama mkwe kwetu, akaliona goti la mdogo wangu lilivyopinda kwa damu kuvujia ndani. Alikaa kimya muda mrefu. Njiani ndipo akaniuliza: hiyo damu ya kitovu, mtoto haumii?

Mkunga mstaafu: Mwambie haumii. Inachukuliwa kitovu kikishakatwa.