Kunde chotara zinabunguliwa zote: kinga ya TVu 2027 imepotea?

Kunde_Masasi: Wakuu, kunde yetu ya kienyeji ya hapa Masasi imechavushwa kwa TVu 2027, ile ya IITA (taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki) inayohimili fukusi. Chotara wa kwanza wametobolewa wote. Kizazi cha pili ilikuwa mimea 12, mavuno yakawekwa ndoo moja. Karibu zote zimetoboka. Kinga imeishia wapi?

Shamba_Nachingwea: Haijapotea, imejificha. Inabebwa na jeni mbili, zote fifi. Mmea hauna kinga mpaka urithi nakala yake kwa baba na kwa mama, kwenye jeni ya kwanza na ya pili pia. Chotara ana nakala moja moja, lazima abunguliwe. Kizazi cha pili, wenye kinga ni robo ya robo: mmea mmoja kati ya 16. Ukiwa na mimea 12, uwezekano wa kukosa hata mmoja ni kama asilimia 46! Panda angalau 47 ufikie asilimia 95 ya kumpata. 80 ni salama zaidi. Na tafadhali, hiyo ndoo ndiyo iliyokuponza. Kila mmea uwe na bahasha yake.

Punje: Naongezea jaribio lenyewe, maana wengi hukosea hapa. Usihesabu mayai ya fukusi. Jike hutaga hata juu ya TVu 2027. Funza ndiye anayekwama ndani ya punje. Kausha mbegu, ziweke friza wiki mbili kuua fukusi waliotoka nao shambani. Chukua punje 20 za kila mmea, weka kwenye kichupa na majike 2 na madume 2, watoe baada ya saa 24. Kwangua mayai yabaki mawili kwa punje, kisha hesabu fukusi wanaotoka kila siku mpaka siku ya 60. Ukiacha siku ya 30, mbegu inayowachelewesha tu utaidhani ina kinga kamili. Weka pia kichupa cha kienyeji na cha TVu 2027 kwa kulinganisha. Mbegu iliyopakwa dawa isiingie kabisa, itakudanganya.

Kunde_Masasi: Na vidukari shambani?

Shamba_Nachingwea: Hiyo kinga ni ya ghalani tu. Ya vidukari, kama ya kunde TVu 3000, ni jeni moja tawala (nakala moja inatosha), na chotara wa kwanza huionyesha.