India, Nairobi au tubaki MOI? Mama ana uvimbe kwenye ubongo, naombeni mawazo

kijana_wa_tabata
Wakuu habari za jioni. Mama yangu mzazi kapigwa MRI imeonekana ana uvimbe kwenye ubongo na daktari kasema ni wa kutoa. Familia tumegawanyika, baba mkubwa anataka apelekwe India hata kesho, dada yangu anasema tumalizane hapahapa MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili), halafu kuna rafiki wa familia katuambia Nairobi kuna mashine haina haja hata ya kufungua kichwa. Jumapili tuna kikao na mimi ndo nimepewa kazi ya kuleta taarifa. Aliyepitia hii njia naomba anisaidie ulinganisho, bei, na wapi pana madaktari wazuri. Natanguliza shukrani.

mangi255
Pole sana mkuu. Usipoteze muda, India. Wale kufungua kichwa ndo kazi yao ya kila siku, Chennai, Hyderabad, Gurugram we chagua tu. Shemeji yangu aliondoka hapa anashikiliwa mkono kila upande, karudi anavuta begi lake mwenyewe pale Terminal 3. Air Tanzania inaenda Mumbai moja kwa moja, ukifika unachukua ndege ya ndani. Uzeni kiwanja kama kipo, mama ni mmoja.

sista_wa_zamu
Pole kaka. Kabla watu hawajakusafirisha, hujatuambia kitu chochote hapo. Uvimbe wa aina gani, uko sehemu gani ya kichwa, una ukubwa gani? Mama ana miaka mingapi, ana sukari, ana presha, ameshawahi kuanguka na kutetemeka? Kaanzishiwa dawa gani? Ana bima? Ripoti ya MRI unayo, soma pale mwisho walipoandika hitimisho utuwekee hapa ila ficha jina lake.

Nauliza hivo kwa sababu kuna uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, unaitwa meninjioma, mwingi wake sio saratani na ukitolewa wote mtu anarudi kwenye shughuli zake. Kuna unaotokana na ubongo wenyewe, glioma, huo mara nyingi hauna mpaka, hata akupasue nani unabaki mzizi na mionzi inafuata. Kuna wa tezi iliyo chini ya ubongo, huo mara nyingi unatolewa kwa kupitia puani. Na kuna uliotoka sehemu nyingine, titi au mapafu. Sasa bila kujua ni upi, tunalinganisha nini?

ngalawa
Sista kamaliza. Ongeza na hili, bajeti yenu ni ngapi na nani atabaki na mgonjwa kule. Watu wanapiga hesabu ya operesheni tu wanasahau ya kulala na kula ya msindikizaji.

mzee_tegeta
Vijana wangu, mimi nasema MOI. Nimepasuliwa kichwa pale na ndo huyu anawaandikia. Watu wanasikia Mifupa wanadhani ni miguu tu, kumbe upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kwa pale Muhimbili unafanyika MOI, na wana ushirikiano wa miaka na miaka na madaktari wa chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York, wanakuja wanafundishana, na wa kwetu wanaenda. Faida kubwa ambayo hamuisemi ni kwamba daktari aliyekufungua ndo huyohuyo unayemkuta kliniki miezi mitatu baadaye. Mke wangu alikuwa ananiletea uji asubuhi na jioni wajukuu wanakuja. Mgonjwa anapona na watu wake.

mangi255
Shikamoo mzee. Sipingi, ila kila mtu na bahati yake.

mzee_tegeta
Marahaba. Bahati haiingii hapo, ni madaktari waliosomea.

kijana_wa_tabata
Asanteni sana, sista naomba radhi nilikuwa na haraka. Mama ana miaka 54, presha anayo anatumia dawa, sukari hana. Ripoti imeandikwa inaelekea ni meninjioma, sm 5, iko mbele kabisa chini, juu ya pua, na kuna maji yamejaa kuuzunguka. Kumbe ulianza muda mrefu. Kuna siku wali uliungua jikoni nyumba nzima imejaa moshi, yeye yuko palepale kwenye kigoda anachambua mchicha, hasikii harufu yoyote. Tukajua ni mafua. Baadaye kichwa kila akiamka asubuhi, na akawa mkimya, mtu aliyekuwa anaongea na mtaa mzima. Mwezi uliopita alianguka akatetemeka ndo tukakimbilia hospitali. Kaanzishiwa deksamethasoni na dawa ya kuzuia kutetemeka. Jicho la kulia anasema kama kuna ukungu. NHIF anayo kupitia kazi ya baba. MOI tuna tarehe ya kliniki Alhamisi ijayo. Vipi hiyo mashine ya Nairobi?

sista_wa_zamu
Hapo sasa umeongea. Kwanza hilo jicho. Ukungu ukizidi, au akianza kutapika au kusinzia isivyo kawaida, usisubiri Alhamisi wala Jumapili, mpeleke emajensi usiku huohuo. Na hiyo deksamethasoni isikatwe ghafla hata akijisikia kapona, inashusha ule uvimbe wa maji na ndo maana kichwa kimetulia. Ale kabla ya kunywa, apimwe sukari maana inaipandisha hata kwa asiye na kisukari, na presha ifuatiliwe.

Mashine ya Nairobi ni CyberKnife, iko hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni mionzi inayolengwa kwa umakini sana, mgonjwa analala tu. Ni kitu kizuri kwa uvimbe mdogo, kwa kawaida usiozidi sm 3, au mabaki yaliyoachwa kwa sababu yameshika mshipa. Wa sm 5 unaosukuma ubongo na una maji pembeni ni habari nyingine, mionzi haiuondoi leo, inausimamisha taratibu kwa miezi na miaka, na mwanzoni inaweza kuongeza yale maji. Kwa hiyo huyo rafiki wa familia nia yake njema ila kwa mama huyu kwanza ni kisu.

mangi255
Bas imebaki India na MOI. Na kwa sm 5 mimi ningeenda kwenye vifaa. Navigesheni ya kumwonyesha daktari njia ndani ya kichwa, hadubini kubwa, kuna hospitali zina MRI ndani ya chumba cha upasuaji.

Bint_Tanga
Nimesoma kimya ila hapa lazima niseme, na nitasema kirefu mnisamehe.

Baba yangu tulimpeleka India kupitia ejenti mwenye ofisi hapahapa mjini, sitamtaja wala hospitali sitaitaja. Tulionyeshwa picha ya profesa, wasifu wake kurasa nzima, na makadirio kwa dola kwamba hapo kila kitu kimo. Tukachangishana, kundi la WhatsApp la ukoo, kanisa, wafanyakazi wenzake, watu walitoa mpaka elfu mbili mbili. Kufika kule profesa yuko kwenye mkutano, atapasua msaidizi wake. MRI ya hapa wakasema haifai irudiwe. Wakaniambia nitafute watu wa kuchangia damu, mji sijui hata njia ya kwenda dukani, nikaokolewa na wanafunzi wa Kitanzania wanaosoma kule, nikawapata kwa kuulizia kwa ndugu wa ndugu, wakaja wamevaa jezi za Simba na Yanga wamechanganyikana, Mungu awabariki wale watoto. Baada ya operesheni akakaa ICU zaidi ya walivyosema, kila siku ya ziada inaongezwa kwenye bili na ruhusa hupewi mpaka umalize. Nikapiga simu nyumbani mdogo wangu akauza pikipiki.

Tukarudi. Tuko nyumbani asubuhi naenda kumuamsha naona mto umelowa, nikajua jasho. Kesho yake tena. Nikaangalia kidonda, maji meupe kama ya bomba yanachuruzika taratibu. Nampigia ejenti hapokei, hospitali naandika barua pepe wananijibu nitume picha. Tukakimbilia hospitali hapa Dar, daktari ananiuliza walifungua wapi, waliziba na nini, majibu ya kipimo cha nyama yako wapi, mimi nina karatasi moja tu. Yale ni maji ya ubongo yalikuwa yanavuja, yakiingia vijidudu ni homa ya uti wa mgongo. Madaktari wa hapahapa ndo walimrudisha chumba cha upasuaji wakaziba. Baba yupo, anatembea, mkono wa kushoto bado mzito. Mtu akiniambia India nchi gani sijui nzuri mimi namuuliza, ukirudi ukapata shida saa nane usiku nani anakufungulia mlango?

mangi255
Dada pole sana kwa hayo. Ila hapo tatizo ni ejenti, sio India. Shemeji hatukupita kwa mtu.

Bint_Tanga
Najua. Lakini watu wengi wanapita kwa ejenti kwa sababu hawajui pa kuanzia, na ejenti anajua kuwa mmechanganyikiwa.

ngalawa
Sio maejenti wote jamani, kuna mmoja alinisaidia mpaka tafsiri. Ila ukweli ni kwamba hospitali kubwa za kule zina dawati la wagonjwa wanaotoka nchi nyingine, unawaandikia mwenyewe, unawatumia CD ya MRI yenyewe sio picha uliyopiga kwa simu, na wanajibu bila kukutoza. Waambie waandike jina la daktari atakayeshika kisu, ICU siku ngapi zimo, dawa zimo au hazimo, na ikitokea vingine nyongeza inahesabiwaje. Angalia kama ina ithibati ya ubora, NABH ya India au JCI ya kimataifa. Hizo nilizoziona mimi kwa operesheni ya namna hii zilikuwa kati ya dola elfu 5 na elfu 10, nauli na malazi nje. Barua yao ndo unaombea visa ya matibabu mtandaoni, ni ya siku 60, na wasindikizaji wawili wanapata ya kwao.

mzee_tegeta
Na NHIF inatumika kwenye hospitali zenye mkataba humu nchini. Rufaa ya serikali ya nje ni njia yake, inaanza kwa madaktari wa hapa na kupita wizarani, haiombwi kwa kupiga simu. Kwa hiyo kliniki ya Alhamisi mnaihitaji hata kama mnaenda India.

sista_wa_zamu
Naunga mkono mzee. Alhamisi mtu mmoja aingie na mama, na maswali yaliyoandikwa. Huu wa mama mnaufikia kwa njia gani, kwa mwezi mnafanya wangapi kama huu, mishipa ya macho iko umbali gani na uvimbe, usipotoka wote mnafanyaje. Daktari mzuri hachukizwi na hayo.

Na mkienda nje, mkumbuke kurudi. Baada ya kufungua fuvu kunabaki hewa ndani, na ndani ya ndege presha ni kama uko mlimani mita 2,000 hivi, ile hewa inatanuka. Kwa hiyo tiketi ya kurudi isifungwe tarehe, daktari apige kwanza CT aone. Kwenda pia, shirika la ndege litataka barua ya daktari kwa mtu aliyeanguka na kutetemeka. Mtoke na slaidi na vile vipande vya nta vilivyohifadhiwa nyama ya uvimbe iliyopimwa, CD, na ripoti kamili ya operesheni sio karatasi ya ruhusa tu. Ikija kuhitajika mionzi, hospitali ya saratani ya Ocean Road hapa Dar wanayo, hakuna haja ya kukaa ugenini wiki sita.

kijana_wa_tabata
Nimenakili yote. Baba mkubwa bado anasema kuna mtu anamjua India na hela ya kuanzia anatoa yeye. Dada kasoma ya Bint_Tanga analia. CD nimeshaichukua leo, nitatuma hospitali mbili na Alhamisi tunaenda kliniki. Mama mwenyewe tukimuuliza anasema popote, ila mjukuu asiache shule.

mangi255
Mkiamua India bebeni unga wa sembe. Shemeji alishindwa kabisa chapati na dengu zenye pilipili, na mgonjwa asipokula kidonda hakipoi.

ngalawa
Unga unapatikana, kule wanaita makki, ni wa njano. Tafuta chumba chenye jiko karibu na hospitali, vipo vingi vya familia za wagonjwa.

mangi255
Ule wa njano sio ugali mkuu.

Bint_Tanga
Dagaa msibebe kwa wingi, mtasumbuliwa uwanjani.

mwalimu_kgb
Samahani kuingilia uzi wa watu. Mke wangu kaambiwa ana kauvimbe kwenye tezi ya ubongo, mm 7, homoni ya maziwa iko juu, siku zake zimekata. Na yeye ni wa kupasuliwa?

sista_wa_zamu
Mwalimu, huo wa homoni ya maziwa mara nyingi unaanza kutibiwa kwa vidonge na unasinyaa, msikimbilie kisu kabla hajaonwa na daktari wa homoni. Fungua uzi wako uweke majibu ya damu tukuelekeze. Kijana wa Tabata, jicho la mama leo likoje?