Waifai ya Broadcom kwenye Debian 12: wl, b43 au nibadili kadi?

kijana_Moro: Habari wakuu. Nimepiga Debian 12 (Linux) kwenye laptop ya mtumba, kila kitu kimekubali isipokuwa waifai. Kadi ni Broadcom. Nilisoma kwamba tangu toleo hili la 2023 famuwea (programu ndogo za ndani ya vifaa) zisizo huru, yaani za msimbo uliofungwa, zimo ndani ya USB ya kusakinishia, mbona yangu haionekani? Wengine wanasema niweke dreva (programu ya kuendesha kadi) ya wl, wengine b43, rafiki yangu anataka ninunue adapta ya USB. Naombeni mwongozo, natumia bando la simu.

fundi_Makorora: Mkuu, "Broadcom" haitoshi. Andika `lspci -nnk` kwenye teminali utuletee namba za kwenye mabano ya mraba. Jina la laptop halisaidii.

kijana_Moro: BCM43142, 14e4:4365.

fundi_Makorora: Basi b43 itoe kwenye hesabu, haiitambui chipu hiyo. Ingekuwa BCM4312, 14e4:4315, ningekwambia anza nayo: ni dreva huru iliyomo kwenye kerneli (kiini cha Linux) yenyewe, inadai famuwea tu. Kwako ni wl. Kilichotiwa kwenye USB ni famuwea. Wl ni dreva kamili, inakaa kwenye non-free, ghala la Debian la programu zisizo huru, ndiyo maana hukuikuta. Ongeza `contrib non-free` kwenye sources.list (orodha ya maghala), `apt update`, halafu `apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms`. Intaneti vuta kwenye simu kwa waya wa USB. Debian huiona kama mtandao wa waya.

bi_Pengwini: Fundi, hapo umempa nusu ya habari. Toleo la mwisho la wl kutoka kwa Broadcom wenyewe ni la 2015. Tangu hapo wanaoiweka hai ni watu wa Debian na wenzao, kwa viraka (marekebisho madogo ya msimbo). DKMS, zana ya kujenga dreva zisizomo kwenye kerneli, huijenga upya kila kerneli inapobadilika, na kiraka kikichelewa haijengeki, mtu anaamka hana waifai. Mwanafunzi hafai kuishi hivyo. Mwanangu, tafuta adapta yenye chipu ya AR9271. Dreva yake, ath9k_htc, imo kwenye kerneli na hata famuwea ni huru. Ila soma boksi vizuri: TL-WN722N ya toleo la 1 ndiyo yenye chipu hiyo, la 2 na la 3 yana Realtek kwa jina lilelile.

mzee_wa_Kisauni: AR9271 ni GHz 2.4 tu, na adapta inakula tundu la USB. Mimi ningefungua kifuniko niweke Intel 7260: ina GHz 5, ina Bluetooth, na famuwea yake imo kwenye USB ya Debian 12. Kagua kwanza tundu la kadi humo ndani ni M.2 au mini PCIe, kadi hiyo ipo ya aina zote mbili. Uliza pia kama BIOS yako (programu inayoiwasha laptop) haikatai kadi ngeni, zipo zinazokataa.

kijana_Moro: Shikamooni wakubwa. Nimeanza na wl kwa kuwa haina gharama. Imejengeka, lakini `modprobe wl`, amri ya kuipakia, inajibu "Key was rejected by service".

fundi_Makorora: Hiyo ni Secure Boot, ulinzi unaokataa dreva zisizo na saini inayoaminika, na moduli yako (hiyo dreva) haina. `mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, weka nywila ya muda, washa upya, kwenye skrini ya buluu chagua Enroll MOK, yaani sajili ufunguo wa saini yako.

kijana_Moro: Imeshika! Naandika kwa waifai sasa hivi. Kerneli ya zamani sitaifuta, nirudi kwayo wl ikikataa kujengeka kwenye mpya kama alivyoonya bi mkubwa, na Jumamosi nafungua kifuniko nione tundu.