Naomba ushauri: gita la kuchezea Clone Hero kwenye kompyuta
Wakuu, habari zenu. Nacheza Clone Hero (gemu ya kubonyeza noti kufuata wimbo) kwa kibodi na vidole vimegoma, nataka gita lenyewe la gemu, lile la batani badala ya nyuzi. Nimepata mawili ya mtumba. Moja ni X-plorer la mashine ya gemu ya Xbox 360, la waya: unachomeka USB, Windows inalitambua. Jingine ni Les Paul la Wii, mashine nyingine ya gemu, ambalo lazima nilitafutie adapta ya kuliunga na kompyuta. Moyo unalitaka hilo la pili, ila shingo yake ni ya kuchomoa, kama ya gita nililowahi kuazima, na kwenye hilo batani ya kijani ilikuwa inakata katikati ya wimbo mpaka nisugue pini za pale shingo inapochomekwa. Gita jipya la gemu, Riffmaster la 2024, bei imenishinda. Mliowahi kununua yaliyotumika, nikague nini kabla sijalipa? Na kile kibao cha kupigia, kinachosukumwa juu na chini badala ya nyuzi, kikilegea, kinatengenezeka?